Urefu wa Sikuli

Jioni, saa ile wanaume wa mtaa wanaporudi shambani na majembe begani, Kaswera aliweka sahani nne mezani. Moja yake, moja ya binti yake Falonne, moja ya shemeji yake Malachie aliyekuja kusema neno. Ya nne aliifunika kwa sahani nyingine, kama chakula cha mtu aliyechelewa njiani.

Malachie alimaliza kwanza bugali na sombe yake ya majani ya mihogo, akanawa mikono.

"Kaswera, ile sahani itabakia pale mpaka lini?"

"Mpaka mwenyewe akuye."

"Mwenyewe ni mudogo yangu. Mi nilimubeba mugongoni mbele ya we kumujua. Kama alikuwa wa kuya, angekwisha kuya."

Sikuli, mume wa Kaswera, alikwenda kwenye shamba lake la kakao kaskazini ya Beni asubuhi moja, na watu wa mapanga wakapita kule siku ileile. Wale waliouawa na kuletwa mjini walilazwa kwa mistari, wamefunikwa vikwembe, yaani vitenge, na Kaswera alipita akifunua kikwembe kimoja baada ya kingine. Sikuli hakuwemo. Wala hakuwemo kati ya wale waliokimbia wakarudi wenyewe. Tangu hapo mvua zimekuja na kwenda, kakao imeiva na kuozea juu ya miti, naye si mzima wala si maiti.

Tena Sikuli alikuwa na kikohozi chake. Kila alipofika nyumbani hakupiga hodi. Alikohoa mara moja, kifupi, kisha akaingia. Kaswera alikuwa angali anakisikia. Hakikuja usiku, wakati watu wanapongojea mizimu. Kilikuja jioni, sufuria ikiwa motoni. Kho. Anageuka, mlango uko wazi, na mlangoni hakuna mtu.

"Ba upande ya Gracien bamesema tena," Malachie aliendelea. Gracien ndiye kijana aliyemchumbia Falonne. "Mbuzi za mahari ziko tayari. Lakini Muzee Ananie, baba yake mukubwa, ameniuliza: 'Kamba ya mbuzi nitaipatia nani mu mukono? Baba ya mutoto eko muzima? Basi tumungojee. Amekufa? Basi mutuonyeshe kaburi.' Mi na mvi zangu! Nikabakia naangalia viatu mbele ya batu."

Falonne alikuwa akikusanya vyombo. Alisema bila kugeuka, "Baba mukubwa, tutangojea tu."

"Mutangojea mpaka Gracien aote mvi kama zangu? Yeye atangojea. Mama yake hapana." Malachie akamgeukia tena Kaswera, sauti ikashuka. "Bazee balituachia njia. Mutu akipotea, hata mwili haionekane, tunakata mugomba, tunaufunga mu kikwembe, tunauzika kwa jina lake. Kilio inaisha. Yeye anapumuzika, na siye tunapumuzika. Tufanye vile."

"Mi nimuzike mutu mwenye niko namusikia?"

Malachie aligeuka kutazama mlango.

"Unipatie hii juma moja," Kaswera alisema. "Sista wa parokia amenipatia nafasi ku retraite, mafungo ya kanisa, kule Butembo. Ni ya bamama benye kukosa usingizi. Kuko sala, kuko na yoga."

"Kuko na nini?"

"Yoga. Banakunyoosha mwili, banakufundisha kuvuta pumuzi."

Malachie alimtazama, akamtazama Falonne, kisha kicheko kikamtoka kwa nguvu hata akashika meza.

"Donc, kumbe kanisa inalipa gari, gari inapanda mpaka Butembo, ukafundishwe kuvuta pumuzi! Toka uzaliwe ulikuwa navuta nini, Kaswera? Moshi?"

Falonne naye alicheka, uso ukiwa ndani ya kikwembe. Hata Kaswera alitabasamu kidogo. Ilikuwa siku nyingi nyumba ile haijasikia kicheko.

"Zile ni mambo ya Bahindi," Malachie alisema akifuta macho. "Lakini enda. Ukirudi, unipatie jibu. Moja tu."

*

Kutoka Beni hadi Butembo si mbali kwa mtu anayehesabu kilometa. Kwa anayehesabu vizuizi, ni safari. Kwenye kizuizi cha kwanza askari kijana alichukua kadi ya Kaswera, akaigeuza huku na huku.

"Mama, unaenda wapi we peke yako? Papa eko wapi?"

"Haiko."

"Alikukimbia?" Askari alicheka, akawatazama abiria wengine ili nao wacheke. Hawakucheka. Alirudisha kadi.

Huko Kalunguta gari lilisimama kwa sababu ya tope, na Kaswera aliona wanawake wakipandisha mihogo kutoka bondeni, waume zao mbele wakiwa na mapanga mkononi. Mmoja wa wanaume hao, mrefu mwenye mabega mapana, alikuwa akitembea kama Sikuli, mguu wa kushoto ukitupwa nje kidogo. Kaswera alishika mlango wa gari. Yule mtu akageuka. Uso ulikuwa wa mtu mwingine, tena kijana. Gari likaondoka, na kwa mwendo mrefu Kaswera hakuweza kuufungua mkono wake.

Butembo ilimpokea kwa baridi na vumbi. Nyumba juu ya nyumba, vilima vyote vimejaa, maduka ya ghorofa, pikipiki kama nyuki. Nyumba ya retraite ilikuwa juu ya kilima chenye mikaratusi. Mlangoni msichana mmoja alikuwa na kompyuta ndogo ya kuandika majina.

"Mama, uliolewa ao ni mujane?"

"Andika Kaswera."

"Jina niliandika. Sasa niko nauliza bwana."

"Bwana haiko."

"Haiko, ni kusema alikufa?"

"Haiko."

Nyuma yake wanawake wengine walikuwa wamesimama kwa mstari, nao wakanyamaza ili wasikie. Msichana alishusha sauti, lakini si vya kutosha. "Mama, machine inakataa kuenda mbele. Lazima nibonyeze moja."

"Bonyeza yenye unataka."

Msichana akabonyeza. Kaswera hakuangalia ni ipi.

*

Aliyewafundisha aliitwa Eliane, mwanamke mnene wa palepale Butembo, zamani muuguzi, mwenye kicheko cha mtu aliyeshiba. Aliwagawia pantaloni, suruali za michezo zilizotoka kwenye marobota ya mitumba. Wanawake walivaa wakificha miguu kwa mikono. Wengi wao hawakuwa wamevaa pantaloni tangu wazaliwe.

"Bamama, muache aibu. Leo hapa hapana shemeji, hapana mukwe."

"Bwana yangu angeniona hivi," alisema mwanamke mmoja mwembamba mwenye meno meupe, "angenitolea mbuzi mara ya pili."

Walicheka wote. Yule aliitwa Bénite, alitoka Luofu, mbali kusini mwa Lubero.

Asubuhi walisali, halafu wakasimama kama mlima, wakasimama kama mti, wakapiga magoti na kukunja mgongo kama paka. Eliane aliwaambia wainame, vidole viguse chini. Wote waligusa mara moja.

"Kuinama tunajua, siye bakulima," Bénite alisema. "Utufundishe kusimama."

Walifundishwa kuvuta pumzi taratibu, kuishika, na kuiacha itoke kwa urefu kuliko ilivyoingia. Kaswera aliona kwamba Malachie alikosea. Yeye Kaswera alikuwa hajui kuvuta pumzi. Tangu siku ya vikwembe alikuwa akiivuta kidogo kidogo, kama mtu anayejificha nyuma ya mlango. Sasa iliingia mpaka chini ya mbavu, ikauma.

"Na ya mwisho," Eliane alisema. "Tunalala kwa mukeka kama maiti. Ni jina tu, bamama, musiogope. Mwili unalala, moyo unapumuzika. Baridi iko, basi kila mutu ajifunike kikwembe chake."

Wakalala. Mikeka ilikuwa imepangwa mistari, na wengine walijifunika mpaka kichwani kwa sababu ya mwanga wa dirisha. Kukawa kimya. Kaswera alivuta pumzi, akaiacha. Alivuta tena. Akasikia, karibu kabisa, upande wa mlango: kho.

Akainuka kitako. Mlango ulikuwa umefungwa. Na mbele yake, mstari kwa mstari, vikwembe vimefunika watu, miguu imetokea kidogo chini.

Hakuna aliyemwona aliposimama. Alikwenda kwa wa kwanza, akainama, akafunua uso. Mwanamke yule alifungua macho akidhani ni sehemu ya mazoezi.

"Haiko yeye," Kaswera alisema, akamfunika tena.

Alikwenda kwa wa pili. "Haiko yeye." Wa tatu. Hakulia. Alifanya kazi ile polepole, kwa heshima, kama mtu aliyetumwa. Eliane alifungua mdomo amwite, kisha akaelewa, akauziba mdomo wake kwa mkono. Chumbani kila mtu alikuwa ameelewa. Hakuna aliyejisogeza. Kila mmoja alingojea zamu yake afunuliwe na kukataliwa.

Wa mwisho alikuwa Bénite. Macho yake yalikuwa wazi na machozi yameingia masikioni.

"Mi pia si yeye, dada," alisema polepole. "Lala hapa karibu yangu. Mukeka ni mukubwa."

Kaswera akalala. Bénite akawafunika wote wawili kwa kikwembe kimoja.

Siku zilizobaki Eliane hakulitaja tena jina la zoezi lile. Alisema tu, "Sasa tulale." Na hakuwafunika, aliwasha jiko la makaa.

*

Mchana wa mwisho Kaswera na Bénite walikaa nje kwenye jua na vikombe vya chai, mji wote uko chini yao.

"Wako ulimuzika?" Kaswera aliuliza.

"Wangu hatukumupata pia. Tulizika mugomba."

"Na ukapumuzika?"

Bénite alizungusha kikombe. "Nitakuambia kitu, usicheke. Bandugu zake balikuwa na haraka, vita ilikuwa nakaribia. Balikata mugomba mufupi. Mufupi sana, bwana yangu alikuwa mutu murefu. Mi niliona, nikanyamaza. Sasa anakuya mu ndoto, hasemi kitu, ananionyesha miguu tu. Miguu iko inje ya blanketi. Inakuwa na baridi." Alikunywa chai. "Kama utazika wako, umuzike yote. Usikubali bapunguze hata vidole."

Kaswera hakucheka. Alitazama vilima vya Musienene kule mbali, jinsi ukungu ulivyokuwa ukivipunguza.

*

Aliporudi Beni alimpa Malachie jibu, na Malachie akawatumia watu habari siku ileile, akiogopa jibu lisije likageuka.

Kaburi lilichimbwa kando ya parsele, kiwanja cha nyumba yao, karibu na uzio. Malachie alileta mgomba uliokwisha kuzaa, umekatwa juu na chini, mweupe kwenye ncha zote mbili, maji yake yakidondoka. Wakaulaza juu ya mkeka, juu yake wakatandika shati la Sikuli la Jumapili.

"Ni mufupi," Kaswera alisema.

"Hapana. Nilipima na mwili yangu. Mi na Sikuli tulikuwa sawasawa."

"Mulikuwa sawasawa mukiwa batoto."

Mbele ya majirani wote, Kaswera alivua viatu, akalala kwenye mkeka kando ya mgomba, chali, mikono pembeni, viganja juu, kama alivyofundishwa. Akafumba macho. Akavuta pumzi, akaiacha ndefu. Wanawake waliacha kulia ili watazame. Mke wa jirani alinong'ona kwamba Butembo imemharibu.

Lakini mwili wa Kaswera ulikuwa unapima. Miaka yote ile alilala kando ya mtu yule. Kichwa chake kilifika kwenye kwapa la Sikuli. Kidole chake cha mguu kilifika hapa tu, chini ya muundi wa mumewe, na baridi ikiingia alimtafuta nyayo akazikosa. Alinyoosha mguu. Mahali pa nyayo za Sikuli hapakuwa na mgomba. Palikuwa na mkeka mtupu.

"Urefu hii inakosekana," alisema bado macho yamefumba, akionyesha kipimo kwa viganja viwili. "Lete mwingine."

"Kaswera, batu bako nangojea."

"Mi nilingojea kuliko bo. Lete mwingine."

Katika parsele ulibaki mgomba mmoja tu uliokwisha kuzaa, nao haukuwa mrefu. Ukiukata juu ya ardhi, kama desturi inavyotaka, ungekuwa sawa na ule wa kwanza. Jirani aliyekuwa akichimba alisimama na panga, akakuna kichwa.

"Urefu yenye mama anataka, labda tuungoe na kisiki yake. Lakini mugomba na kisiki, baba, hapana kawaida. Itaota."

Malachie alikuwa amechoka na aibu. Alimtazama Kaswera aliyekuwa bado amelala pale.

"Ungoe," Kaswera alisema. "Nataka yeye yote."

Wakaungoa. Wakaulaza kando yake, kisiki kikiwa upande wa miguu, na udongo bado umeshikamana na mizizi. Kaswera alinyoosha mguu, akagusa mwisho wake, akainuka.

"Ndiyo yeye," alisema. "Sasa mulie."

Na yeye mwenyewe akalia, kwa mara ya kwanza, sauti kubwa, mpaka wakaja watu wa mtaa wa pili kuuliza ni nani amekufa leo.

*

Jioni ile hakusikia kitu. Wala iliyofuata. Lakini sahani ya nne aliendelea kuiweka. Falonne alimwuliza kwa nini, na mama yake akajibu kwamba mkono umezoea.

Mvua ilinyesha. Siku ambayo watu wa Gracien walikuwa wanakuja na mbuzi, Falonne alitoka kufagia, akarudi mbio, fagio limebaki nje.

"Mama. Kuya uone."

Kaburini, upande wa miguu, ncha ya kijani ilikuwa imepasua udongo, imesimama wima kama kidole, na jani moja limeanza kujikunjua.

Malachie alipofika akaliona, rangi ikampotea. "Balituambia! Mutu na mizizi yake! Ananie akiona hii, atasema baba ya bibi-arusi alikataa kufa. Atageuza mbuzi palepale ku mulango." Akaingia ndani, akatoka na panga.

"Nipe," Kaswera alisema.

Alipiga magoti, akalikata chini kabisa. Maji ya mgomba yalimrukia mikononi, yale maji yanayoacha doa jeusi lisilotoka kwa sabuni. Akafukia kwa udongo, akaupigapiga. Kisha akaenda kupika.

Lakini kila mtu aliyekulia kwenye migomba anajua jambo hili: ukiukata asubuhi, moyo wake haungoji. Unasukuma.

Watu wa Gracien walifika mchana na mbuzi zao, wakaimba mlangoni, wakakaribishwa. Muzee Ananie, mzee mkavu mwenye kofia ya sufu, alipewa kiti, na kiti kilitazama kaburi. Mbuzi zilifungwa kwenye uzio. Maneno yakaenda vizuri. Walisifu mbuzi, wakazidharau, wakazisifu tena, kama inavyotakiwa. Malachie alikuwa akisema sana, akisimama kila mara mahali pa kuziba macho ya Ananie.

"Malachie, keti kidogo," Ananie alisema mwishowe. "Unanizibia marehemu."

Malachie akakaa. Ndipo wote wakaona. Kutoka katikati ya udongo uliopigwapigwa, jani jipya lilikuwa limetokea, jeupe kijani, urefu wa kidole, limesokotwa kama karatasi.

Mama yake Gracien aliushika mkono wa mwanawe. Falonne, aliyekuwa mlangoni na sinia ya vikombe, aliiweka chini.

"Ile kitu," Ananie alisema polepole, "inaota?"

Kaswera alivuta pumzi. Aliishika. Akaiacha ndefu kuliko ilivyoingia.

"Ndiyo, muzee," alisema. "Uliuliza utampatia nani kamba. Baba ya Falonne amesimama kidogo, aone mbuzi zake."

Ananie alilitazama jani, akamtazama Kaswera. Kitu kikatikisika chini ya kofia ya sufu, kifuani, mabegani, na mzee akacheka, kicheko cha kukwaruza, na watu wake wakapata ruhusa wakacheka pamoja naye. "Basi azihesabu vizuri!" alisema. "Asiseme tulimuibia!"

Katika kicheko kile mbuzi mmoja, dume jeusi, alivuta kamba yake, akafika kaburini, akanusa, akalitia jani kinywani. Malachie aliruka na fimbo.

"Muache," Kaswera alisema. "Mwenyewe amekwisha pokea."

Jua lilikuwa linashuka. Njiani wanaume walikuwa wanarudi na majembe. Mbuzi alitafuna, jani likamkwama kooni, akakohoa, mara moja, kifupi.

Falonne alimtazama mama yake. Kaswera alikuwa amegeuza kichwa kuelekea mlango, kama kila jioni. Alikaa vile kidogo. Kisha akainuka, akaingia ndani, akatoka na sahani iliyofunikwa, akaiweka mbele ya Ananie na kuondoa kifuniko. Mvuke ukapanda.

"Kula, muzee. Isipoe."

Ananie hakujua ni sahani ya nani. Alinawa mikono, akala.